Tanganyika ndani ya lita 54

Mtu anaweza leo kutoka nyumbani kwake Kinondoni au Likoni asubuhi, na kabla ya magharibi akarudi na tangi la kioo, kilo chache za mchanga, pampu ya hewa na samaki wanane wa mapambo. Jioni hiyohiyo tangi linajazwa maji ya bomba, taa inawashwa, watoto wanakusanyika. Wiki ya pili samaki wanaanza kuhema juujuu ya maji. Wanakufa mmoja mmoja, wanaletwa wengine, nao wanakufa, na mwishowe tangi linahamia stoo. Lawama humwangukia muuzaji, kwamba aliuza samaki wagonjwa. Wapo wauzaji wa namna hiyo. Lakini vifo vya wiki za mwanzo mara nyingi vina chanzo kingine: samaki wazima wametiwa katika maji ambayo hayakuwa tayari kuwapokea.

Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu ni mateso yanayoepukika. Anayeleta samaki nyumbani amejitwalia kazi ya ziwa zima: hewa, usafi, joto na chakula, vyote viko mikononi mwake. Akianza na maji, yaani kuyajua, kuyaandaa na kuyapa muda, kazi inayobaki si nzito. Baada ya hapo ndipo amchague samaki anayeyafaa maji hayo. Kwa nyumba nyingi za ukanda wetu, hasa zile zinazotegemea visima, samaki huyo anatoka Ziwa Tanganyika, na ukubwa wake haufiki urefu wa kidole.

Tuanze na kinachoua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachooza pamoja na kinyesi huongeza nyingine. Ziwani amonia hupotea katika wingi wa maji. Ndani ya tangi dogo haina pa kwenda. Kinachoiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati samaki huivumilia mradi isirundikane. Kwa miaka mingi vitabu vya ufugaji vililitaja kundi la pili kwa jina la Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira. Bakteria hawa wote huishi wakiwa wameshikamana na vitu: sponji ya kichujio, mchanga, mawe, hata kioo chenyewe. Wachache sana huelea majini. Ndiyo maana ndoo ya maji ya zamani kutoka kwa rafiki haisaidii kitu, ilhali kipande cha sponji chafu kutoka kwenye kichujio chake ni zawadi kubwa.

Bakteria hawaji siku moja. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 kukomaa, pungufu kidogo ikiwa umepata ile sponji. Katika muda huo tangi linakaa bila samaki, kichujio kikifanya kazi usiku na mchana, na kila siku unadondosha chembe za chakula cha samaki zioze na kutoa amonia. Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Ni gharama, lakini ndiyo gharama ambayo sishauri mtu aikwepe. Utaona amonia ikipanda kisha ikishuka, halafu nitriti ikipanda na kushuka, na nitrati ikianza kuonekana. Siku vipimo viwili vya kwanza vinaposoma sifuri ingawa umeendelea kutia chakula, tangi liko tayari.

Kuna tahadhari inayotuhusu sisi kuliko waandishi wa Ulaya waliotunga maelekezo haya. Maji yaliyotulia bila samaki ndani ya nyumba ni mazalia ya mbu, na mbu Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hupenda hasa maji safi yaliyo karibu na watu. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, ikiwemo ya 2014 na 2019. Tangi linalokomazwa lifunikwe kwa wavu wa chandarua bila kuacha upenyo, na hewa ya pampu iendelee kuutikisa uso wa maji. Samaki wakishaingia tatizo linageuka kuwa mlo, kwani viluwiluwi vya mbu ni chakula bora kwa karibu kila samaki mdogo.

Jambo jingine ambalo maelekezo ya dukani hayalitaji ni uhusiano wa amonia na pH. Amonia majini huwa katika hali mbili, na moja tu kati ya hizo ndiyo kali. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika hali hiyo kali. Yakiwa na pH 8 ni asilimia 5 hivi. Yakifika pH 9 ni zaidi ya theluthi. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kati ya pH 8.5 na 9. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa mito laini ya Amazon angekivumilia kinaweza kumdhuru vibaya samaki wa Tanganyika. Kwa hiyo anayechagua samaki wa ziwa hili hana ruhusa ya kuharakisha. Huo ndio upande wake mgumu, na ni vyema ujulikane mapema.

Kuhusu tangi lenyewe sina mengi. Vipimo vya sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hutoa lita 54, na ukiondoa nafasi ya mchanga, mawe na sehemu ya juu isiyojazwa, unabaki na lita 45 hivi za maji. Chini ya hapo sishauri. Watu hudhani tangi dogo ndilo la anayejifunza, kumbe ndilo linalosamehe kidogo: maji machache hupata joto haraka, hupoa haraka na huchafuka haraka. Bakuli la mviringo lenye samaki mmoja mwekundu halipaswi kuuzwa kabisa. Tangi la lita 54 likijazwa pamoja na mchanga lina uzito wa karibu kilo 80, hivyo meza ya sebuleni yenye miguu myembamba haitoshi. Fundi vioo mzuri anaweza kulitengeneza kwa kioo cha milimita 6. Mwambie atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo huua samaki. Lijaze nje kwanza, liache siku mbili, ulikague. Mahali pake ni mbali na dirisha lenye jua la moja kwa moja, la sivyo mwani utakushinda. Waya wa pampu uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linaloteremka na waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Sasa maji. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake ya bomba kutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, linalojazwa na mito ya milima ya Aberdare. Ni maji laini, yenye madini kidogo. Visima vya jijini humo ni habari nyingine, vingi vikiwa na floridi nyingi. Dar es Salaam hutegemea Mto Ruvu kwa maji ya bomba, na maelfu ya nyumba hutegemea visima ambavyo maji yake ni magumu, na vile vilivyo karibu na pwani mara nyingi vimeingiliwa na chumvi ya bahari. Hivyo watu wawili wa mji mmoja, wakiwa wametenganishwa na mtaa mmoja tu, wanaweza kuwa na maji tofauti kabisa, na ushauri uliomfaa mmoja ukamwangamizia mwingine samaki wake. Pima pH na ugumu wa maji yako mwenyewe. Kama maji ya kisima chako yana ladha ya wazi ya chumvi, usiyatumie: chumvi ya bahari na madini ya Tanganyika ni vitu viwili mbali.

Maji ya bomba hutiwa klorini, na klorini inayotukinga na kipindupindu huchoma matamvua ya samaki na kuua wale bakteria uliowangoja. Maji yakikaa kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 klorini huruka. Yaliyolala kwenye simtanki juu ya paa yamekwisha kuipoteza sehemu kubwa, lakini mchana huwa ya moto. Yachote alfajiri, au uyaache yapoe ndani. Mahali ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, kuyaacha yakae hakutoshi, na itabidi ununue dawa ya kuondoa klorini yenye maelezo kwamba inaiweza kloramini pia.

Mwenye maji magumu ana bahati, ingawa wachache humwambia hivyo. Maduka yamejaa samaki wa Amazon kama neoni, wanaotaka maji laini yenye tindikali kidogo, na watu hununua dawa mwezi baada ya mwezi ili kuyalazimisha maji ya kisima yawe ya mto wa Brazili. Ni vita isiyo na mwisho, kwa kuwa madini huirudisha pH mahali pake na samaki anayumbishwa huku na huku. Mwenye maji laini ya Ndakaini na afuge neoni kwa amani. Mwenye maji magumu atazame magharibi mwa Tanzania.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Oksijeni inapatikana katika tabaka la juu tu, mita 100 hadi 200 za kwanza kutegemea mahali. Chini ya hapo hakuna samaki. Katika ukanda huo mwembamba wameumbika zaidi ya aina 200 za siklidi, ukoo uleule wa perege na sato, na karibu wote hawapatikani popote pengine ulimwenguni. Wapo wanaokula mwani, wapo wanaonyofoa magamba ya wenzao, wapo wanaotunza vifaranga mdomoni. Na wapo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono.

Konokono huyo ni Neothauma tanganyicense, wa ziwa hilo peke yake. Akifa, kombe lake halimumunyuki upesi kwa sababu maji yamejaa madini ya chokaa, hivyo makombe hurundikana kwa karne nyingi na kufunika maeneo makubwa ya sakafu ya ziwa. Kwenye uwanja mtupu wa mchanga, ambako samaki mdogo hana jiwe la kujificha, kombe ni nyumba. Mmoja wa wapangaji wake ni Neolamprologus multifasciatus wa kusini mwa ziwa. Dume hazidi sana sentimita 4 na jike huwa mdogo zaidi. Ni miongoni mwa siklidi wadogo kuliko wote duniani. Aliandikwa kwa mara ya kwanza katika sayansi na George Albert Boulenger mwaka 1906, kutokana na samaki waliokusanywa na W. A. Cunnington katika msafara wa tatu wa Tanganyika wa 1904 na 1905. Rangi yake si ya kujionyesha: mistari myembamba ya kahawia juu ya mwili wa rangi ya mchanga, na jicho la buluu. Muuzaji akikuonyesha samaki huyu kando ya samaki wekundu na wa manjano, pengine utampita.

Usimpite, maana tabia yake inazidi rangi. Wape kundi la sita makombe 15 hadi 20 juu ya mchanga laini wa kina cha sentimita 5, kisha kaa mbele ya kioo. Kila mmoja huchagua kombe lake na kuanza kuchimba, akibeba mchanga mdomoni na kuutema pembeni, hadi kombe lizame na mdomo wake tu ndio ubaki wazi. Mipaka huwekwa. Jirani akiivuka, hufukuzwa kwa mbio fupi, na mara chache sana mtu huumizwa. Jike hutaga ndani kabisa ya kombe, na siku moja unaona mlangoni vifaranga vya milimita chache vikidonoa vitu visivyoonekana. Wazazi hawavili, na vifaranga vikubwa huendelea kuishi katikati ya ukoo wakati vidogo vinazaliwa, hivyo baada ya muda tangi linakuwa na vizazi kadhaa pamoja. Mtoto wa shule atajifunza hapo mambo ya uzazi, malezi na mipaka ambayo picha ya kitabuni haiwezi kumpa. Sijui samaki mwingine wa tangi dogo anayeonyesha maisha ya kijamii kwa wingi namna hii.

Makombe ya Neothauma si lazima. Ya konokono wa shambani yenye ukubwa wa sentimita 4 au 5 yanafaa, mradi yawe matupu, yachemshwe na yasuguliwe. Mchanga uwe laini ili waweze kuuchimba, na ukiwa na chembe za matumbawe ni bora zaidi kwa kuwa chokaa yake huzuia pH isishuke. Dondoshea siki au ndimu juu yake: ukitoa vipovu, chokaa imo. Mimea si ya lazima, kwani uwanja wa makombe ziwani ni uwanja mtupu.

Biashara ya kuuza samaki hawa nje ilikua katika miaka ya 1970, na mmoja wa walioikuza ni Mbelgiji Pierre Brichard aliyefanya kazi Bujumbura. Samaki Neolamprologus brichardi ana jina lake. Leo samaki wa mapambo husafirishwa kutoka Kigoma, Bujumbura na Mpulungu, lakini wengi wa wale wanaouzwa Ulaya na Marekani wamezaliwa katika mashamba ya Florida au Jamhuri ya Czech. Mtoto wa Prague ana nafasi kubwa zaidi ya kumwona samaki wa Tanganyika akilea vifaranga kuliko mtoto wa Dodoma. Ningependa hali hiyo ibadilike, na ibadilike kwa samaki waliozalishwa na wafugaji wetu wenyewe, kwa kuwa multifasciatus huzaana kwa urahisi na hakuna haja ya kuendelea kumtoa ziwani. Muulize muuzaji samaki wake alizaliwa wapi. Multifasciatus akikosekana, wapo jamaa zake, kama Lamprologus ocellatus, ambaye naye hukaa kwenye makombe ila ni mkali zaidi na huhitaji nafasi kubwa kwa kila mmoja.

Katika lita 54 weka kundi la multifasciatus peke yake. Hili ndilo sharti linalovunjwa zaidi, kwa kuwa tangi lenye samaki sita wadogo huonekana tupu machoni pa wageni. Frontosa, yule wa Tanganyika mwenye kichogo, hupita sentimita 30. Tropheus hukaa kwa makundi makubwa na hugombana. Hawa wawili hawamfai mwenye tangi la lita 54. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wazuri, ila katika nafasi finyu huuana. Samaki wa dhahabu hupita sentimita 20 na anaweza kuishi miaka mingi kuliko mbwa. Yule wa kunyonya kioo, anayeuzwa akiwa na sentimita 5 ili asafishe tangi, mara nyingi ni jamii ya Pterygoplichthys inayofika sentimita 40, na kinyesi chake ni kingi kuliko uchafu anaousafisha. Asiyepata samaki wa makombe, na ana maji magumu, achukue gapi madume watupu. Jike mmoja huhifadhi mbegu za dume kwa miezi na ataendelea kuzaa hata akiwa peke yake.

Matunzo ya kila wiki huchukua nusu saa. Nyonya kwa mpira robo ya maji pamoja na uchafu ulio juu ya mchanga, bila kuvuruga makombe, kisha rudisha maji yaliyoandaliwa yenye joto lilelile. Lengo ni kuishusha nitrati, na ikibaki chini ya miligramu 40 kwa lita mambo ni salama. Wapo wanaodhani kuongeza maji yaliyopungua kunatosha. Hakutoshi: yanayoruka kwa joto ni maji matupu, madini na nitrati hubaki, na kila ndoo unayoongezea inaleta madini mengine. Baada ya miezi tangi linakuwa na maji mazito ambayo samaki wa zamani wameyazoea polepole, na mgeni akitiwa humo hufa siku hiyohiyo. Sponji ya kichujio ikizibwa, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Ukiiosha bombani unaua kwa klorini kile ulichokisubiri wiki sita. Na anayemwaga maji yote, akasugua mchanga kwa sabuni na kuanza upya kila mwezi kwa nia njema ya usafi, kila mwezi anaanza na tangi lisilokomaa.

Chakula huua zaidi ya njaa. Mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachomalizika kwa dakika moja, chembe ndogondogo kwa vile midomo ya samaki wa makombe ni midogo. Ziwani hula vijidudu vinavyoelea majini. Mtu mzima mmoja wa nyumba apewe kazi hii, la sivyo kila anayepita atadondosha kidogo. Ukisafiri siku tatu nne, usimwachie jirani kopo la chakula. Samaki wazima watakaa bila kula na utawakuta salama.

Umeme ni suala linalotutofautisha na nchi zilizoandika vitabu vingi vya fani hii. Maji yenye nyuzi 25 hushika takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hushika 7.6. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, kiasi hicho hupungua kwa karibu asilimia 18 kwa joto lilelile. Pampu ikizimika usiku wa joto katika tangi lililojaa kupita kiasi, samaki huanza kukosa pumzi baada ya saa chache, na bakteria wa kwenye sponji, nao wanaohitaji oksijeni, huanza kufa. Pampu ndogo ya betri inayojiwasha umeme ukikatika si anasa kwetu. Asiyekuwa nayo achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, wala asiwalishe samaki hadi umeme urudi. Tangi lenye samaki wachache huvuka usiku wa giza bila msiba, na hiyo ni sababu nyingine ya kutolijaza.

Joto nalo. Samaki wa Tanganyika wamezoea nyuzi 24 hadi 27. Nairobi mwezi wa Julai utahitaji hita. Dar es Salaam na Mombasa mwezi wa Februari shida ni ya upande wa pili: chumba kilichofungwa hupita nyuzi 31. Ondoa mfuniko na uweke wavu, elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji, zima taa mchana. Maji yanayoruka huondoka na joto, na kushuka kwa nyuzi mbili au tatu kunatosha. Barafu ya kutupwa tangini huleta mshtuko mbaya kuliko joto lenyewe.

Ugonjwa utakaoukuta zaidi ni wa vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, unaoletwa na kimelea Ichthyophthirius multifiliis. Huingia na samaki mpya au mmea mpya. Kila mgeni akae peke yake kwenye chombo kingine wiki tatu au nne kabla ya kujiunga na ukoo, na wavu wake usitumike kwenye tangi kubwa. Dawa za dukani zipo, ila nyingi huwekwa kwa kukisia, na mara nyingi mgonjwa alidhoofishwa kwanza na maji machafu. Pima maji kabla ya kufungua chupa yoyote ya dawa.

Ukoo wa makombe ukishamiri utakuwa na samaki wa ziada. Wape wafugaji wengine au warudishe dukani. Kamwe usiwamwage mtoni, kwenye bwawa wala kwenye mfereji, hata kama unawaonea huruma, na hata kama unaishi kando ya Tanganyika yenyewe, kwani samaki wa tangini anaweza kubeba vimelea visivyokuwepo ziwani. Ziwa Viktoria limelipa gharama ya viumbe walioletwa: sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 alichangia kutoweka kwa aina nyingi mno za siklidi wa asili, na gugumaji lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mimea ya tangini unayoitupa ianikwe juani hadi ikauke kabisa ndipo iende jalalani. Samaki usiyemtaka tena mtafutie nyumba nyingine, na ukikosa, endelea kumtunza.